Hisa zangu zimezunguka mwaka mzima, mbona zimepungua?

SWALI

Ndugu Mshauri, Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi na ninaishi Wete, Pemba. Kiinua mgongo changu nilikigawa mafungu mawili: fungu moja nilinunulia vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na jingine nilinunulia hisa za kampuni kadhaa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa kupitia dalali niliyeelekezwa na kijana wa ndugu yangu. Mwanzoni mwa mwaka uliopita hisa hizo zilikuwa na thamani ya shilingi milioni 12.

Tangu hapo dalali amekuwa akinipigia simu kila baada ya wiki chache. Hii imepanda, tuiuze. Ile imeshuka, tuinunue. Hii imekaa tu, tuibadilishe. Kila mara nilimjibu "sawa", kwa sababu ni mtu mwenye lugha nzuri na nilidhani hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Gawio la mwaka mzima, ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, shilingi 610,000, nililiacha humo humo, na nilipouza karafuu zangu niliongeza shilingi 900,000. Mwisho wa mwaka nikaambiwa kwamba hisa zangu zina thamani ya milioni 11.9, na fedha taslimu iliyobaki haifiki hata elfu hamsini.

Kwa upande wa mfuko, taarifa yao ya mwaka imekuja na mstari unaosema "kiwango cha mzunguko wa uwekezaji: asilimia 40". Sikuuelewa. Je, wameuza asilimia 40 ya fedha zangu? Nilipomuuliza mume wangu, ambaye ana duka la jumla la mchele hapa mjini kwa miaka zaidi ya thelathini, alisema kuwa mzunguko ni dalili nzuri, tena huo wa mfuko ni mdogo, kwa kuwa pesa isiyozunguka imekufa. Kwa hesabu yake, dalali ndiye anayefanya kazi na mfuko ndio uliolala.

Sasa dalali anataka niuze hisa za benki moja, ambazo ndizo nilizokaa nazo muda mrefu kuliko zote, ninunue za kampuni nyingine. Mume wangu anasema nimkubalie, lakini moyo wangu unasita. Nimeambatanisha hati zote za manunuzi na mauzo. Naomba unieleze mzunguko huu ni kitu gani, wangu ni mwingi au ni mdogo, na nifanye nini.

Mwalimu mstaafu, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimezipanga hati zako kumi na tisa kwa tarehe, kumi za mauzo na tisa za manunuzi, nikazijumlisha mara mbili ili nisije nikamsingizia mtu. Kabla ya kukupa majumlisho hayo naomba nianze na kauli ya Mzee, mume wako, kwamba pesa isiyozunguka imekufa, kwa sababu ni kauli ya kweli kabisa mahali pake, na mimi naamini kwamba tatizo lako limetokana na kuitoa mahali pake na kuipeleka mahali pengine.

Tuseme Mzee ananunua gunia la mchele kwa shilingi 120,000 na kuliuza kwa 124,000. Faida hiyo ya elfu nne anaijua kabla gunia halijashushwa garini, kwani ananunua kwa bei ya chini, anauza kwa bei iliyo juu kidogo, na mteja ndiye anayelipa tofauti. Kwa hiyo kila mtaji wake unapozunguka mara moja unamletea zile elfu nne nne, na ukizunguka mara ishirini kwa mwaka unamletea mara ishirini, ilhali gunia lililokaa ghalani miezi mitatu linaliwa na fukusi na linamzuia kununua jingine. Hapo pesa isiyozunguka imekufa kweli.

Katika soko la hisa wewe hukai upande wa Mzee wa meza ya duka. Unakaa upande wa mteja, tena mara mbili. Unaponunua unamlipa dalali, na unapouza unamlipa dalali. Unapotaka kununua upesi unaikubali bei ya anayeuza, ambayo ni ya juu, na unapotaka kuuza upesi unaikubali bei ya anayenunua, ambayo ni ya chini. Ile elfu nne ya gunia ipo vile vile, lakini inaingia mfukoni mwa mwingine. Mwenye duka katika habari hii ni dalali, na kwake yeye kauli ya Mzee inabaki kuwa sahihi: mali yako isipozunguka, duka lake limelala.

Itazame hati moja tu, ile ya mauzo ya mwezi wa tatu, ambayo nimeichagua kwa sababu kiasi chake ni kamili na kinahesabika kwa urahisi. Juu kabisa pameandikwa jina la kampuni, idadi ya hisa na thamani ya mauzo, shilingi 1,000,000. Chini yake kuna mistari ya maandishi madogo ambayo nadhani hukuisoma, na sikulaumu, maana haikuandikwa ili isomwe: kamisheni ya dalali, kodi ya ongezeko la thamani juu ya kamisheni hiyo, ada ya soko, ada ya mamlaka ya usimamizi na ada ya hifadhi ya hisa. Jumla yake ni shilingi 23,000, yaani asilimia 2.3, na hati zako nyingine zinakaribia kiwango hicho hicho, za kuuza na za kununua. Baada ya makato ulibakiwa na 977,000, na fedha hizo zilipokwenda kununua hisa za kampuni nyingine zikakatwa tena asilimia 2.3, ikawa umepata hisa zenye thamani ya takriban shilingi 955,000. Hakuna bei iliyoshuka hapo wala kampuni iliyofanya vibaya. Umehama tu kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na njiani umeacha shilingi 45,000. Ili urudi kwenye milioni yako uliyoondoka nayo, hisa mpya lazima zipande kwa karibu asilimia 4.7, na ili iwe na maana kuhama kwenyewe, lazima zizipite zile za zamani kwa zaidi ya kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye kiwango chenyewe. Mzunguko wa uwekezaji hupimwa hivi: unachukua jumla ya manunuzi ya mwaka na jumla ya mauzo ya mwaka, unachagua ile iliyo ndogo, kisha unaigawa kwa wastani wa thamani ya mali kwa mwaka huo. Manunuzi yako yalikuwa shilingi 19,000,000, mauzo yako 18,400,000, na wastani wa thamani ya hisa zako, kwa taarifa zako za kila mwezi, ni 11,500,000. Ukigawa 18,400,000 kwa 11,500,000 unapata 1.6, ambayo ni asilimia 160. Asilimia hiyo kuvuka 100 isikushangaze. Haina maana kwamba uliuza zaidi ya ulichokuwa nacho, bali kwamba shilingi zile zile zimeuzwa na kununuliwa zaidi ya mara moja. Ukitaka kuijua kwa lugha ya muda, gawa miezi 12 kwa 1.6: kwa wastani umekaa na kila hisa miezi saba na nusu, ingawa wastani huo unaficha kwamba za benki hukuzigusa kabisa na kwamba kuna nyingine uliyokaa nayo wiki tano.

Asilimia 2.3 ya manunuzi ya milioni 19 ni shilingi 437,000, na asilimia 2.3 ya mauzo ya milioni 18.4 ni 423,200. Jumla ni shilingi 860,200. Hiyo ni karibu asilimia 7.5 ya mali yako, na umeilipa katika mwaka mmoja. Gawio ambalo kampuni zote zilikulipa halikufika hapo; lilikuwa 610,000. Bei za hisa nazo zilikupunguzia shilingi 700,000, jambo ambalo ni la kawaida ya soko na lingeweza kukupata hata kama usingeuza chochote. Kwa hiyo mwaka wako, ukiacha ile laki tisa ya karafuu uliyoongeza, ulikwisha kwa hasara ya shilingi 950,200, na sehemu kubwa kuliko zote ya upungufu huo haikutoka kwenye bei. Ilitoka kwenye mzunguko wenyewe. Ungekuwa umebadilisha asilimia 10 tu ya mali zako, makato yote ya mwaka yasingezidi shilingi 53,000.

Huenda Mzee atauliza: kama hisa hazizunguki, faida itatoka wapi? Itatoka mahali pawili, kwenye gawio na kwenye kukua kwa kampuni yenyewe, na vyote viwili havihitaji hisa ihame mkono. Benki haikopeshi wateja wengi zaidi kwa sababu hisa zake zimeuzwa Jumanne na kununuliwa tena Ijumaa. Wewe una mikarafuu, na unajua kwamba mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka unaofuata ukakaa karibu mtupu. Sijapata kumsikia Mpemba aliyeung'oa kwa sababu msimu mmoja haukumpa kitu, akapanda mwingine mahali pale pale, kisha akasubiri miaka upevuke.

Lakini nisije nikakufanya uamini kwamba kila mzunguko ni ubaya, na hapa ndipo tunapofika kwenye asilimia 40 za mfuko wako. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaofunga mwani kwenye kamba huuvuna baada ya wiki sita hivi, kisha hufunga mbegu upya, na hakuna anayewaambia wangoje miaka. Mwani ndivyo ulivyo. Katika fedha pia kuna mali za namna hiyo, kama dhamana za serikali za muda mfupi, yaani mikopo ambayo serikali huichukua na kuirejesha, ambazo kwetu hutolewa kwa siku 35, 91, 182 na 364: zinaiva zenyewe, fedha inarudi, na meneja hana budi kuipeleka kwingine. Ndiyo maana katika kanuni ya Marekani, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika hesabu hii, dhamana zinazoiva ndani ya mwaka mmoja huondolewa kabisa katika kukokotoa mzunguko. Zingeachwa humo, mfuko wa dhamana hizo fupi, wenye utulivu kuliko mifuko yote, ungeonekana kana kwamba unaendeshwa na mtu mwenye homa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka haki, huchukuliwa ile jumla iliyo ndogo kati ya manunuzi na mauzo. Nimeisoma taarifa ya mfuko wako: walinunua mali za shilingi bilioni 3.9, wakauza za bilioni 2.4, na wastani wa mali zao ulikuwa bilioni 6. Wangetumia manunuzi, wangepata asilimia 65. Lakini sehemu ya manunuzi hayo ilitokana na watu wapya kama wewe walioleta fedha zao, na fedha mpya ni lazima inunue kitu. Hapo meneja hajabadilisha mawazo juu ya chochote. Mauzo ya bilioni 2.4 kwa wastani wa bilioni 6 ndiyo yaliyoleta asilimia 40. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, hawakuuza asilimia 40 ya fedha zako kwa maana ya kukupunguzia kitu. Walibadilisha mali zinazolingana na sehemu hiyo ya mfuko, na ukigawa mwaka mmoja kwa 0.4 unaona kwamba kwa wastani wanakaa na mali wanazonunua miaka miwili na nusu. Kwa mfuko unaochanganya hisa na hatifungani, yaani mikopo ya muda mrefu kwa serikali au kampuni, mimi siuoni huo kuwa mwingi.

Hata hivyo usiridhike na namba ya mwaka mmoja. Omba taarifa za miaka mitatu uziweke pamoja. Ikiwa utakuta asilimia 35, 38 na 40, huyo ni meneja mwenye tabia moja. Ukikuta 15, 20 kisha 90, uliza kilichotokea, kwani huenda amebadilishwa meneja. Jambo jingine la kuuliza, na ambalo wengi hawaliulizi, ni kamisheni ambazo mfuko wenyewe unawalipa madalali zimeandikwa wapi. Marekani, kwa mfano, ule uwiano wa gharama unaotangazwa na mfuko, yaani asilimia ya mali inayokwenda kwenye gharama za mwaka, haujumuishi kamisheni hizo. Zinakatwa ndani kwa ndani na kupunguza thamani ya kipande, na msomaji asiyezitafuta hazioni. Mifuko miwili inaweza kutangaza gharama ile ile, na ule unaozungusha mali mara nne zaidi ukawa ndio ghali.

Kuna ushahidi wa haya ambao si wa mtu mmoja wa Wete wala wa mwaka mmoja. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani Brad Barber na Terrance Odean walitoa matokeo ya kuchunguza akaunti za kaya 66,465 katika kampuni moja kubwa ya udalali, kuanzia mwaka 1991 hadi 1996. Kaya ya wastani ilizungusha asilimia 75 ya hisa zake kwa mwaka. Zile zilizouza na kununua zaidi kuliko wenzao zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati ambapo soko lenyewe, ambalo mtu angeweza kulifuata kwa kukaa tu, lilipanda kwa asilimia 17.9. Mwaka uliofuata watafiti hao hao waliwagawa wawekezaji kwa jinsia, wakakuta kwamba wanaume waliuza na kununua kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake na wakajipunguzia faida zaidi kwa sababu hiyo. Hili naliandika kwa heshima zote kwa Mzee, na kwako nasema kwamba kusita kwako kulikuwa na elimu ndani yake.

Je, dalali wako amefanya kosa? Hapa naomba niwe mwangalifu. Kuna kosa linalojulikana katika masoko yote ya hisa, nalo ni la dalali kuzungusha akaunti ya mteja si kwa faida ya mteja bali ili apate kamisheni. Marekani, kesi za namna hiyo zimezoea kutazamwa kwa kipimo kisicho rasmi cha 2, 4 na 6: mali ikizunguka mara mbili kwa mwaka inatia shaka, mara nne inatia shaka kubwa, na mara sita huchukuliwa karibu kuwa ni ushahidi wa kutosha. Wako ni mara 1.6, chini ya hatua ya kwanza. Zaidi ya hapo, kila mara alikupigia simu na kila mara ulimjibu "sawa", kwa hiyo ni rahisi kwake kusema kwamba uamuzi ulikuwa wako. Lakini kipimo hicho kilitoka katika soko ambalo makato yake ni madogo na wanunuzi wake ni wengi kila dakika. Katika soko letu, ambalo baadhi ya kampuni hupita siku kadhaa bila hisa zake kuuzwa hata moja na kuhama mara moja kunakugharimu karibu asilimia 4.7, mzunguko wa 1.6 unauma kuliko unavyosikika. Sitamwita mwizi. Nitasema kwamba katika hati zote kumi na tisa sikuona hata karatasi moja iliyoeleza sababu ya kuhama, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aanze kuuliza.

Zipo sababu nzuri za kuuza. Kampuni ikianza kupoteza wateja wake au kukopa kupita uwezo wake, au ile sababu iliyokufanya uinunue ikawa haipo tena, uza hata kama makato yanauma. Hisa moja ikipanda mpaka ikawa zaidi ya nusu ya mali yako yote, kupunguza ni busara. Na ukihitaji fedha za matibabu au za harusi ya mtoto, uza bila kuomba radhi kwa mtu. Wala mzunguko mdogo si sifa kwa nafsi yake, kwani yuko pia meneja wa mfuko anayelipwa ada ya kuchagua na miaka inapita hajachagua kitu. Sababu ambayo siikubali ni ile uliyoinukuu katika barua yako, "hii imekaa tu". Hisa kazi yake ni kukaa, na gawio lije.

Liko jambo moja ambalo hukuliuliza lakini linakuhusu. Wanazuoni wengi huhesabu hisa zilizonunuliwa kwa nia ya kuziuza zikipanda kuwa ni bidhaa za biashara, na zaka yake ni asilimia 2.5 ya thamani yake ya soko unapotimia mwaka wa Kiislamu. Zile zilizonunuliwa kwa nia ya kukaa nazo na kupata gawio zina hesabu nyingine, na rai za wanazuoni juu yake ni zaidi ya moja. Kwa namna hisa zako zilivyozunguka mwaka uliopita, huenda zimeingia katika kundi la kwanza bila wewe kukusudia. Mpelekee sheikh unayemwamini hati hizi pamoja na maelezo ya nia yako ya awali, usitegemee jibu langu.

Kuhusu la kufanya, kwanza usiuze zote kwa hasira. Kuuza hisa za milioni 11.9 ni mzunguko mwingine, na kutakukata karibu shilingi 274,000 siku hiyo hiyo. Hisa za benki zisiguswe. Ukitaka kumtendea haki dalali, mwambie akuandikie kwa nini anaamini kwamba kampuni anayoipendekeza itaipita benki hiyo kwa zaidi ya asilimia 5, na katika muda gani. Akiandika kitu chenye hesabu ndani yake, nitumie nikisome. Vipande vya mfuko baki navyo mpaka uone zile taarifa za miaka mitatu. Gawio liingie katika akaunti yako ya benki, lisilale kwa dalali, maana fedha iliyolala kwake ndiyo inayoita simu inayofuata.

Kisha mwandikie barua fupi, maneno haya yanatosha: "Kuanzia tarehe ya barua hii, naomba usinunue wala usiuze hisa zangu bila maelekezo yangu ya maandishi yanayotaja jina la kampuni, idadi ya hisa na bei. Kila pendekezo liambatane na jumla ya makato ya kuuza na ya kununua, kwa shilingi." Ipeleke kwa nakala mbili na moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Endapo biashara itafanyika kinyume cha barua hiyo, malalamiko yako yatapelekwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa madalali, na nakala yenye muhuri ndiyo watakayoiomba mwanzo.

Daftari la hisa mpe Mzee alishike yeye, kwa kuwa ameshika madaftari miaka thelathini. Apige safu mbili tu, moja ya gawio lililoingia na moja ya makato yaliyotoka, aanze na hizi hati kumi na tisa kabla hamjazungumza tena juu ya simu ya dalali.